Saundtraki gani unaongelea, bana?

Jumapili moja nimekaa kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, watu watatu mbele yangu, spika ya ukutani inapiga ile ngoma ya Kendrick Lamar na SZA ya Black Panther, na jamaa mmoja wa kwa benchi akasema hiyo ndio saundtraki kali kuliko zote, Kendrick aliua kabisa. Mwenye alikuwa kwa kiti tayari, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, akageuka ghafla karibu akatwe sikio, akasema wewe hujui kitu, saundtraki ya Black Panther ilifanywa na Mswidi na ndio akapewa Oscar. Kelele zikaanza hapo. "Mswidi atajulia wapi ngoma za Afrika?" "Angalia kwa simu basi, omera." Wakaangalia kwa simu, na hapo ndio maneno yakaharibika zaidi, juu simu ilitoa albamu mbili, zote za 2018, zote zimeandikwa Black Panther.

Sasa hao watu wote wawili walikuwa sawa, na ndio maana hiyo vita haingeisha hata kinyozi angefunga duka. Neno saundtraki limebebeshwa vitu vitatu kama boda ya siku ya soko. Kitu cha kwanza ni ule muziki umetungwa spesheli kwa hiyo muvi, wenye unapita chini ya maneno na vita na machozi, na mara nyingi hakuna mtu anaimba. Wenyewe wanauita skoo, na hapana, si ya mpira. Cha pili ni nyimbo, ngoma za kawaida ziko na mwimbaji na korasi, zingine zilikuwa redioni miaka mingi kabla mtu afikirie hiyo muvi. Cha tatu ni albamu, ile unanunua ama unapata kwa simu, na albamu inaweza kubeba skoo peke yake, nyimbo peke yake, mchanganyiko, ama hata vitu havikuwa kwa muvi kabisa.

Hiyo ya mwisho ndio inachanganya watu. Albamu ya Kendrick kwa jalada imeandikwa kwamba ni muziki uliotoka kwa muvi na uliochochewa na muvi, na hilo neno kuchochewa limebeba kazi yote, juu ngoma nyingi za hiyo albamu huziskii popote kwa muvi yenyewe. Ni chache tu. Ile ingine ni ya Ludwig Göransson, mzaliwa wa Sweden kweli, na ndiye alichukua Oscar 2019. Lakini swali la yule wa kwa benchi lilikuwa swali poa, Mswidi atajulia wapi? Jibu ni kwamba hakujua, kwa hivyo alienda. Alifunga safari mpaka Senegal akazunguka na Baaba Maal, mwimbaji wa huko, kwa ziara yake, akarekodi wapigaji wa huko. Ile sauti ya mtu unaskia akiimba kwa skoo ni ya Baaba Maal mwenyewe. Ile ngoma inaongea, tama, yenye mtu anaibana kwapani ndio sauti ipande na kushuka, imepigwa na Massamba Diop, na mapigo yake yamepangwa yaite jina la T'Challa, mfalme mwenyewe wa hiyo muvi. Rudi uskize, ta-CHA-lla, ta-CHA-lla, ukishaiskia mara moja hutaacha kuiskia. Na adui wake Killmonger amepewa filimbi ya Wafulani, Amadou Ba anaipuliza huku anaropoka ndani yake kama mtu amekasirika, halafu chini kuna besi nzito ya kihiphop ya mjini Marekani, na hiyo ndio hadithi nzima ya huyo mtu kabla hajafungua mdomo, damu ya huku, malezi ya kule.

Nilimwambia huyo wa benchi hivyo. Akasema sawa, lakini Kendrick bado aliua. Nikamwambia sijakataa.

Mfano wenye kila mtu wa rika langu anaujua ni Lion King ya 1994. Ukiuliza watu mtaani nani alifanya muziki, watasema Elton John, na ni kweli, yeye na Tim Rice waliandika zile nyimbo, na moja ikashinda Oscar ya wimbo. Lakini skoo ni ya Hans Zimmer, Mjerumani, naye akashinda Oscar yake tofauti usiku uleule. Na ile sauti ya mwanzo jua likichomoza, yenye sisi wote tulikuwa tunaiimba shuleni kwa maneno ya kujitungia, huyo ni Lebo M wa Afrika Kusini, na ni Kizulu. Watu wanne, na sisi tulikuwa tunasema "wimbo wa Lion King" kama ni mtu mmoja alikaa chini akaandika yote. (Hakuna matata sitaiongelea, hakuna mtu wa Kisumu huongea hivyo na mnajua.)

Lakini nafikiri shida yetu sisi watu wa huku ilianza mbali zaidi, ilianza kwa video. Mwenye hajui, video ilikuwa kibanda cha mabati, benchi za mbao, magunia yamefunga madirisha ndio giza liingie, shilingi kumi mlangoni, jenereta nyuma inanguruma. Na muvi zenyewe nyingi zilikuwa zimetafsiriwa, DJ Afro na wenzake, anasimulia juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng, anawapa majina mapya wale mastaa, anacheka, anaonya steringi kuna mtu nyuma yako. Nilipenda hizo muvi na bado nazipenda, sitaki mtu aniletee madharau hapa. Ila ukiwa unasimulia juu ya muvi, sauti ya muvi lazima iteremshwe ndio wewe uskike, na ikiteremka, kitu cha kwanza kuzama ni skoo. Milio ya risasi inabaki, mayowe yanabaki, muziki unaenda. Mimi nimeangalia muvi zingine mara ishirini na sikuwahi kujua ziko na muziki mpaka nikapata hedifoni za maana nikiwa mtu mzima, na nilikuwa kwa matatu ya Nakuru, tumepita Kericho nikiwa na muvi kwa simu, nikaskia vinanda vinaingia chini ya maneno ya mtu nikavua hedifoni nikafikiri dereva amewasha redio.

Na hapo kuna kitu cha kawaida sana watu hawafikirii wakibishana. Spika ya simu ni kadogo kama kifungo cha shati, haiwezi kutoa zile sauti za chini. Sasa chukua Jaws ya 1975, ile ya papa, yenye kila mtu anaiga kwa mdomo. Ni noti mbili. Mbili tu, ziko karibu karibu, zinapigwa chini kabisa. John Williams, mtunzi, alipompigia dairekta Steven Spielberg kwa piano mara ya kwanza, Spielberg alicheka, alidhani anataniwa. Kwa simu ukiiskiza unapata kitu kama mtu anagonga mlango wa jirani. Kwa hedifoni, ama kwa ukumbi uko na spika kubwa, inakuja kifuani. Kwa hivyo mtu akikuambia hiyo skoo ni ya upuzi, muulize kwanza aliiskilizia wapi.

Lakini uzuri wa Jaws si hizo noti, ni mahali ziko na mahali haziko. Papa ya mashine ilikuwa inaharibika kila mara wakishuti, kwa sehemu kubwa ya muvi hata huioni, kwa hivyo muziki ndio papa. Ukiuskia, amefika. Halafu kuna ile siku ya watu wengi ufuoni, pezi linatokea kwa maji, watu wanakimbia wanakanyagana, na muziki hakuna. Kimya. Ni watoto wawili na pezi la kutengeneza, wanacheza na akili za watu. Williams hakukudanganya, wewe tu hukuwa unaskiza. Na kwa sababu amekuwa mkweli hivyo, baadaye papa anapotokea bila muziki kabisa, wakati mtu anatupa chambo majini huku akilalamika, unaruka kwa kiti. Hapo ndio nilielewa kwamba kazi ya mtunzi wa skoo nusu yake ni kuamua wapi anyamaze.

Na hiyo haamui peke yake. Muvi ikishapangwa karibu kuisha, mtunzi na dairekta wanakaa chini wanaiangalia polepole, wanasimamisha, hapa muziki uingie, hapa utoke, hapa tuache upepo tu. Kila kipande kinapewa namba, 1M1 ni kipande cha kwanza kwa sehemu ya kwanza ya filamu, 1M2 kinachofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ndio maana ukiona mashabiki sugu wanaongea kuhusu 4M3 usifikirie ni namba ya basi. Halafu mtunzi anaenda kuandika, wiki chache tu saa zingine, halafu okestra inaingia studio inapiga, kondakta ako na picha mbele yake na mara nyingi kuna mdundo wa tik tik kwa hedifoni ndio muziki uangukie pale pale mlango unapofungwa.

Shida inakuwa kwamba kabla ya hayo yote, wakati mhariri anapanga picha, huwa anaweka muziki wa kuazima ndio muvi isikae kavu. Anatoa kwa muvi ingine, ama kwa muziki wa zamani wa kizungu, popote. Na dairekta anakaa na huo muziki miezi mitatu, minne, anauzoea, anaupenda. Sasa mtunzi wa watu anakuja na kitu chake kipya na dairekta anauma midomo, mmh, si unaweza fanya kama ile? Ukiskia skoo mbili za muvi mbili zinafanana kama mapacha, usikimbilie kusema huyu ni mwizi, mara nyingi ni huo muziki wa kuazima ulikaa sana. Mkasa wenyewe mkubwa ni wa 2001: A Space Odyssey ya 1968. Dairekta Stanley Kubrick alimwajiri mtunzi Alex North, akaandika, ikarekodiwa, halafu Kubrick akaamua anabaki na muziki wa kuazima alikuwa ameweka, wa watunzi wa kizungu Richard Strauss, Johann Strauss na Ligeti. Na North hakuambiwa. Alienda kuangalia muvi amekaa kwa kiti chake kama watu wengine akingoja kazi yake, na ikapita yote haikuingia. Yawa. Nikifikiria hiyo kitu hunishika tumbo, na bado lazima nikubali Kubrick alikuwa sawa, ile muvi na huo muziki huwezi kuvitenganisha tena.

Sasa turudi kwa albamu, juu hapo ndio maswali mengi yanatoka. Binamu yangu yuko Nakuru, mwendawazimu wa hizi vitu, hunitumia meseji usiku, mbona ile muziki ya wakati wanaagana haiko kwa albamu? Nimemwambia mara nyingi kwamba sababu ya zamani ilikuwa pesa. Marekani wapigaji wa okestra wako na chama chao chenye nguvu, na kulingana na mkataba wakilipwa kupiga kwa muvi wamelipwa kwa muvi, ukitaka kutoa hiyo rekodi kama albamu unawalipa tena. Kampuni ndogo haina hizo pesa, inatoa dakika thelathini inanyamaza. Ndio maana albamu nyingi za miaka ya themanini na tisini, zenye skoo ilirekodiwa Los Angeles, ni fupi kama sketi ya harusi ya mjini. Baadaye ada zikalegezwa, na kampuni kama Intrada na La-La Land Records zikaanza kuchimbua zile kanda za zamani na kutoa skoo nzima, nakala chache, na mashabiki wananunua tena kitu walinunua mara mbili tayari.

Sababu ingine ni kwamba watunzi wengine hawataki utoe yote. Wanasema muvi ni muvi na albamu ni albamu, kipande cha sekunde kumi na tano cha mtu kufungua droo kitakaa aje kwa albamu? Kwa hivyo wanaunganisha vipande, wanabadilisha mpangilio, na saa zingine wanarekodi upya kabisa. Ile albamu ya Jaws ilitoka 1975 si rekodi ya kwa muvi, Williams aliipiga tena spesheli kwa kuskilizwa, vipande vimerefushwa na kumaliziwa vizuri. Watu walikaa nayo miaka wakisema "kwa muvi iko tofauti kidogo" na wenzao wanawaambia masikio yenu ni mabovu. Na Blade Runner ndio kituko chenyewe, muvi ilitoka 1982, kila mtu akataka ile muziki ya Vangelis ya sinthesaiza, na albamu ilitoka mwaka huo ilikuwa ya okestra ingine ikiiga. Yake mwenyewe ilitoka 1994. Miaka kumi na mbili watu wanaskiza kivuli.

Tuzo nazo sitakaa sana, ni siasa tu. Jua tu kwamba Oscar ya skoo inataka muziki uwe mpya, na mtunzi Nino Rota aliteuliwa kwa The Godfather akaondolewa walipogundua alikuwa ametumia melodi yake mwenyewe ya muvi ya Italia ya 1958, halafu akashinda kwa sehemu ya pili, na melodi ileile imo ndani. Eleza hiyo ukiweza, mimi nimeshindwa.

Kitu kiko karibu na moyo wangu ni hiki. Kuna muvi inaitwa Out of Africa, 1985, ilishutiwa hapa Kenya, na skoo yake ni ya John Barry, na Barry alichukua Oscar. Ni muziki mzuri, sitadanganya, ile ndege inapaa na chini kuna flamingo wamejaa na fidla zote zinafunguka pamoja, hata mtu mgumu anameza mate. Lakini funga macho uskize. Kenya iko wapi hapo? Haiko. Huo ni muziki wa mwanamke wa Denmark anakumbuka kitu alipoteza, na kwa hiyo hadithi ni sawa kabisa, skoo haikuahidi kukuonyesha mahali, iliahidi kukuonyesha moyo wa mtu. Watu wanabishana eti Barry alikosea hakuweka ngoma za kwetu. Mimi naona angeweka ingekuwa mbaya zaidi, ingekuwa ngoma za postikadi.

Na sasa angalia kwa makini, kwa hiyo muvi kuna kijana anaigiza Kanuthia, jina lake kwa orodha ni Job Seda. Huyo ni Ayub Ogada. Yule yule mwimbaji wa nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Miaka ishirini baadaye, 2005, kunatoka The Constant Gardener, imeshutiwa Kenya tena, mtunzi wa skoo ni Mhispania Alberto Iglesias, na ndani ya hiyo muvi unaskia nyatiti na sauti ya Ogada akiimba Kothbiro. Huo haukuandikwa kwa muvi, ulikuwa kwa albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo. Nyuzi nane na sauti ya mtu mmoja, basi. Nilikuwa naangalia na shangazi yangu hapa nyumbani, hajali muvi, alikuwa anachambua mboga, apoth na osuga, na huo wimbo ulipoingia mikono yake ikasimama. Akasema, "Anasema mvua inakuja, watoto warudishe ng'ombe." Halafu akaendelea na mboga. Mzungu kwa kiti cha London anaskia huzuni ya Afrika, shangazi anaskia mvua na ng'ombe, na picha ni ileile.

Ogada alituacha 2019, alikuwa anakaa Nyahera, hapo juu tu. Watu wengi wa huku bado hawajui.

Na kitaalamu huo wimbo si skoo, kwa hivyo kwa tuzo ya skoo hauhesabiki. Ukitaka kuutumia kwa muvi yako unahitaji ruhusa mbili, moja ya mwenye alitunga na moja ya mwenye rekodi, na hao mara nyingi si mtu mmoja. Vijana wa hapa Kisumu wanaoshuti muvi fupi na kamera moja, hii iwaingie, kumpigia mzee simu akasema "tumia tu mjukuu wangu" ni ruhusa moja, bado moja.

Yule wa kwa benchi, alipokaa kwa kiti zamu yake ikifika, aliniuliza sasa mtu atajuaje hii ni skoo na hii ni ngoma ya kuazima na nani amefanya nini. Nikamwambia ni rahisi, kaa mpaka majina yaishe. Mtunzi wa skoo jina lake huwa kubwa, peke yake, karibu na la dairekta. Wapigaji na waimbaji wanakuja baadaye kwa maandishi madogo, na nyimbo za kuazima ziko karibu na mwisho kabisa, moja moja, nani ameandika, nani ameimba, kampuni gani imeruhusu. Akacheka mpaka kinyozi akatoa mashine kichwani. Kwa video, alisema, majina yakianza tu kupanda, yule jamaa wa mlangoni alikuwa anazima tivii, juu wa saa kumi walikuwa wameshalipa wako nje.